Bega likichomoka: kurudisha mfupa ni dakika, kupona ni miezi

Ukikaa Mkwajuni siku moja tu na kuangalia watu wanavyotafuta riziki, utaona kwamba mji huu unaendeshwa na mabega. Bodaboda anashika usukani kutwa nzima kwenye njia za vumbi na makorongo. Mchimbaji mdogo anashuka duarani kwa kamba, anapiga nyundo juu ya usawa wa kichwa, kisha viroba vya mawe vinarushwa juu ya gari kwenda karasha. Sokoni, gunia la mpunga linapanda begani na kushuka begani. Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ndani ya ukanda wa dhahabu wa Lupa uliochimbwa tangu enzi za Waingereza, na dhahabu haitoki ardhini bila mkono kunyanyuka.

Sasa chukulia kijana wa bodaboda ameteleza kwenye mchanga. Ameanguka huku mkono umenyooka kujikinga. Anasimama, lakini mkono haushuki wala haupandi. Bega ambalo lilikuwa duara limekuwa kama kona ya meza. Watu wanakusanyika na ushauri unaanza: mmoja anasema mvuteni, mwingine anasema kuna mzee anachua vizuri, wa tatu anasema mpelekeni hospitali. Kila ushauri hapo una matokeo yake, na mengine yatamfuata kijana huyu kwa miaka.

Katika makala hii tutaeleza nini kimetokea ndani ya bega hilo, kwa nini saa za kwanza zina thamani kubwa, na kwa nini watu wengi wanarudia kuumia bega lilelile. Tutaishia kwenye swali ambalo kila mgonjwa huuliza hata kabla ya maumivu kuisha: nitarudi lini kazini?

Kuteguka siyo kuchomoka

Tuanze na lugha, maana hapa watu wengi wanapotea. Mtaani neno "kuteguka" linabeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni kano kuvutika au kuchanika huku mfupa ukibaki mahali pake. La pili ni mfupa kutoka kabisa kwenye kiungo chake. Katika makala hii, hilo la pili tutaliita kuchomoka.

Tofauti siyo ya maneno tu. Mashabiki wa mpira wanakumbuka fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya tarehe 26 Mei 2018, Mohamed Salah alipotoka uwanjani akilia huku ameshika bega. Ilielezwa baadaye kwamba kano za bega ndizo zilizoumia. Tarehe 19 Juni, siku 24 baadaye, alicheza Kombe la Dunia dhidi ya Urusi na kufunga penalti. Kwa mtu ambaye bega lake limechomoka kabisa, wiki hizo tatu na ushee kwa kawaida ni muda wa kuanza tu kunyanyua mkono taratibu. Kwa hiyo usijipimie muda wa kupona kwa kumtazama jirani ambaye naye "aliteguka".

Chungwa juu ya kisahani

Hebu fikiria viungo viwili. Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani, hakitoki kirahisi. Bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha chai. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha duara, na kisahani chenyewe, ambacho ni sehemu ya kombe la bega, ni kidogo na karibu bapa. Wakati wowote ni sehemu ndogo tu ya chungwa, kati ya robo na theluthi, inayogusa kisahani.

Mbona mwili umejengwa hivyo? Kwa sababu ya uhuru. Bega ndicho kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini: unajikuna mgongoni, unarusha jiwe, unachuma embe, unamfunga mtoto mgongoni. Nyonga haiwezi hayo. Gharama ya uhuru huo ni kwamba miongoni mwa viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linalochomoka mara nyingi zaidi.

Kinachozuia chungwa lisidondoke ni vitu vitatu. Kwanza, kisahani kina ukingo wa gegedu gumu unaokizunguka, kama mdomo wa sahani, unaokiongezea kina. Pili, kuna mfuko wa kano unaofunika kiungo chote. Tatu, na hili ndilo watu wengi hawalijui, kuna misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kulikumbatia chungwa kutoka mbele, juu na nyuma. Kazi yake siyo kunyanyua mizigo. Kazi yake ni kulivuta chungwa libaki katikati ya kisahani wakati misuli mikubwa inafanya kazi. Ikumbuke misuli hiyo minne, tutakutana nayo tena kwenye mazoezi.

Zaidi ya mara 9 katika kila 10, bega huchomokea mbele. Mkao wa hatari ni mmoja: mkono umenyanyuliwa pembeni na kugeuzwa nje na nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Ndiyo mkao wa abiria aliyeshika bomba la juu gari linapofunga breki ghafla. Ndiyo mkao wa mchimbaji aliyening'inia kwenye kamba mguu unapoteleza.

Kinachochanika ndani

Chungwa haliwezi kutoka kwenye kisahani bila kuharibu kitu. Mwaka 1923 daktari wa upasuaji Mwingereza, Arthur Bankart, alieleza kwamba bega linapochomokea mbele, ule ukingo wa gegedu hubanduka kutoka kwenye mfupa. Mdomo wa sahani unakuwa umevunjika upande mmoja. Mwaka 1940 madaktari wawili wa picha nchini Marekani, Harold Hill na Maurice Sachs, wakaeleza jeraha la pili: kichwa cha mfupa kinapogongana na ukingo wa kisahani, kinabonyea upande wa nyuma, kama chungwa lililobanwa kwenye kona ya meza.

Majeraha hayo mawili ndiyo yanayoeleza kwa nini bega lililochomoka mara moja linakuwa jepesi kuchomoka tena. Sahani haina mdomo upande mmoja, na chungwa lina kibonyeo kinachoweza kunasa palepale.

Karibu na kiungo unapita pia mshipa wa fahamu unaoendesha msuli mkubwa wa bega, ule unaoleta umbo la duara. Mshipa huo ukivutika, sehemu ya nje ya mkono wa juu, pale askari anaposhonewa beji, huingia ganzi. Ndiyo maana mtaalamu anayejua kazi yake atakugusa hapo na kukuuliza "unasikia?" kabla ya kurudisha bega, na atauliza tena baada ya kulirudisha. Mara nyingi mshipa huo hupona wenyewe kwa wiki au miezi, lakini lazima ijulikane mapema kwamba umeumia.

Kwa nini usivute

Turudi barabarani kwa kijana wetu. Kuna mtu mwenye nguvu yuko tayari kuvuta. Kwa nini tunasema asivute?

Misuli ina tabia yake. Ukiivuta kwa ghafla, inajibu kwa kujikaza zaidi. Ni kinga ya mwili, na haisubiri ruhusa yako. Mtu mwenye maumivu na hofu tayari misuli yake imekaza, na kila ukinyakua mkono wake unaikaza zaidi. Hapo nguvu inakwenda mahali pasipostahili: mfupa unaweza kuvunjika, mshipa wa fahamu ukavutika, hata mshipa wa damu ukajeruhiwa. Zaidi ya hapo, kwa macho tu huwezi kujua kama mfupa umechomoka peke yake au umechomoka na kuvunjika kwa pamoja. Ndiyo sababu ya eksirei.

Binadamu wamekuwa wakirudisha mabega kwa muda mrefu sana. Katika kaburi la Ipuy huko Misri, la zama za Farao Ramesses wa Pili, kuna mchoro unaoonekana kumwonyesha mtu akirudishwa bega. Hippocrates wa Ugiriki alieleza namna ya kuweka kisigino kwapani na kuvuta mkono. Mwaka 1870 Theodor Kocher wa Uswisi, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu tezi ya shingo, alieleza njia ya kuuzungusha mkono badala ya kuuvuta tu.

Njia nyingi zinazopendelewa leo zinafuata kanuni moja: usishindane na msuli, uchoshe au utulize. Kwa mfano, mgonjwa analala kifudifudi kitandani, mkono unaning'inia chini ukiwa umefungwa uzito mdogo, na anaachwa dakika 15 hadi 20. Nguvu ndogo isiyobadilika inafanya kazi ambayo mvuto wa ghafla unashindwa. Njia nyingine inamkalisha mgonjwa wima huku daktari akikanda taratibu misuli ya mkono wa juu mpaka ilegee, na mfupa unarudi wenyewe. Mara nyingi kuna dawa ya maumivu au ya usingizi mwepesi juu yake.

Kwa hiyo kukanda kuna nafasi yake. Tofauti ni nini kinakandwa, lini na nani. Kukanda msuli ulegee ni jambo moja. Kuusukuma mfupa kwa kidole gumba huku mgonjwa ameshikiliwa na watu wanne ni jambo jingine kabisa.

Mpaka mfike kituo cha afya, fanyeni haya:

- Mwacheni mkono ulivyo, msiunyooshe. Wekeni khanga au shuka lililokunjwa kati ya mkono na ubavu, kisha mwufunge kifuani kwa khanga nyingine.
- Vueni pete, bangili na saa ya mkono ulioumia kabla vidole havijavimba.
- Asile chochote, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi.
- Angalieni vidole. Vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, hiyo ni dharura, msisubiri asubuhi.
- Kama gari linapatikana, asipande pikipiki. Kama hakuna, akae katikati, mtu wa nyuma amshikilie.

Kuna jambo moja la kuwaambia wahudumu wazi. Kama mtu amechomoka bega baada ya kupigwa na shoti ya umeme au baada ya kuanguka kifafa, lisemeni. Katika hali hizo misuli yote hukaza kwa pamoja na bega linaweza kuchomokea nyuma. Bega la namna hiyo halionyeshi umbo lile la kona, na picha ya upande mmoja inaweza kulificha. Mgonjwa anaambiwa "umeteguka tu" na kurudishwa nyumbani. Dalili kubwa ni kwamba hawezi kabisa kugeuza kiganja na mkono kuelekea nje.

Saa inageuka wiki

Hatari kubwa kwa mtu aliye mbali na hospitali kubwa ni kuchelewa. Kila saa inayopita misuli inazidi kukaza na kurudisha kunakuwa kugumu. Zikipita wiki tatu hivi, wataalamu huliita bega hilo la muda mrefu, na mchezo mzima unabadilika. Kisahani kilicho wazi kinaanza kujaa makovu, kano zinafupika, mfupa unalainika kwa kutotumika, na mishipa ya damu inashikamana na makovu. Kulivuta bega hilo kwa mikono kunaweza kuvunja mfupa au kuchana mshipa mkubwa wa damu wa kwapani. Kazi iliyokuwa ya dakika chache sasa inahitaji chumba cha upasuaji, na matokeo yake huwa pungufu.

Tunajua kwa nini watu wanachelewa, na siyo ujinga. Nauli, gharama ya picha, siku za kazi zinazopotea, na mzee wa kuchua anayekaa nyumba ya tatu na anayelipwa kidogo kidogo. Lakini hesabu lazima ifanywe yote. Baada ya kuchuliwa, maumivu hupungua kwa sababu uvimbe unashuka, na mtu anaamini amepona, kumbe mfupa bado uko nje. Kipimo rahisi ni hiki: je, kiganja cha mkono ulioumia kinaweza kushika bega la upande wa pili huku kiwiko kimegusa kifua? Kama hakiwezi, usiendelee kuchuliwa. Nenda ukapigwe picha hata kama ni wiki ya pili. Na hata kama kinaweza, bega lisilo na umbo lake bado linataka picha.

Hogo halihitajiki, kitanzi kinatosha

Bega likisharudi, mgonjwa anapata nafuu ya ajabu. Hapo ndipo wengi wanadhani kazi imekwisha, wakati ndani ukingo bado umebanduka na kano zimechanika.

Bega lililochomoka bila mvunjiko kwa kawaida halifungwi hogo. Kinatosha kitanzi cha kuutegemeza mkono, na kipande cha khanga kilichofungwa vizuri kinafanya kazi hiyohiyo. Kwa muda gani? Kwa vijana, ushauri wa kawaida ni wiki moja hadi tatu. Wazazi wengi wangependa miezi miwili "ili lishike", lakini tafiti hazijaonyesha kwamba kufunga muda mrefu kunapunguza kurudia. Huko Sweden, Lennart Hovelius na wenzake waliwafuatilia watu wa miaka 12 hadi 40 kwa miaka 25. Waliofungwa mkono wiki tatu hadi nne na walioacha kitanzi mapema hawakutofautiana katika kurudia kuumia.

Kwa mtu aliyepita miaka 40 hatari inageuka. Yeye ana uwezekano mdogo wa bega kuchomoka tena, lakini uwezekano mkubwa wa bega kuganda, na pia wa kuchanika ile misuli minne midogo. Mara nyingi yeye anatakiwa kuanza kusogeza mkono baada ya wiki moja hivi. Kama baada ya wiki mbili au tatu bado hawezi kabisa kuunyanyua mkono, asiambiwe "vumilia". Achunguzwe misuli.

Siku za kitanzi zina kanuni ndogo zinazookoa maumivu mengi. Shati livae kwa kuanza na mkono mbovu, na ukivua, mkono mbovu uwe wa mwisho. Usilale mkono ukiwa chini ya kichwa, maana huo ni ule mkao wa hatari ukiwa usingizini. Chezesha vidole, kifundo cha mkono na kiwiko kila siku, visije vikaganda bila kuwa na kosa lolote.

Mazoezi: kidumu, fagio na tyubu ya baiskeli

Kano hupona kwa awamu. Siku za kwanza ni za uvimbe na usafishaji. Wiki zinazofuata mwili unatandika nyuzi mpya, lakini zimepangwa ovyo, kama nyasi zilizorundikwa. Kisha kwa miezi mingi nyuzi hizo zinajipanga na kukaza kufuata mwelekeo wa nguvu unazozipa. Hapo ndipo mazoezi yanapopata maana yake: nguvu kidogo inayoongezeka taratibu inaiambia kano ijipange vipi. Ukiipa nyingi mapema, inachanika. Usipoipa kabisa, inabaki dhaifu. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayepanga kasi, ila mwendo wenyewe huwa hivi.

Wiki za mwanzo, maumivu yakishatulia: inama mbele, mkono mzima ushike meza, mkono mbovu uning'inie na kuchora duara dogo dogo kama pendulamu. Pia simama kando ya ukuta, kiwiko kimebana ubavu, sukuma ukuta kwa mgongo wa mkono kwa sekunde tano bila mkono kusogea. Misuli inafanya kazi, kiungo kimetulia.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita: shika mti wa fagio kwa mikono miwili, mkono mzima uusaidie mbovu kupanda mbele. Usigeuze mkono nje na nyuma kwa pamoja, huo ni mkao wa jiwe.

Kuanzia wiki ya sita: kata tyubu ya baiskeli upate mpira mrefu, funga kwenye nguzo usawa wa kiwiko, kiwiko kibane ubavu, vuta mpira kuelekea tumboni, kisha geuka uvute kuelekea nje. Hili ndilo zoezi la ile misuli minne. Halionekani la kishujaa na halijengi kifua, lakini ndilo linalolishika chungwa. Ongeza pushapu za kusimama ukisukuma ukuta, kwa ajili ya misuli ya kombe la bega, kwa sababu kisahani kinachoyumba hakiwezi kushika chungwa.

Kuanzia mwezi wa tatu: uzito. Huhitaji jimu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa ya nusu lita ni nusu kilo na kidumu cha lita 5 ni kilo 5. Una mizani kamili nyumbani, unaongeza maji kila wiki.

Hapa kuna hesabu inayostahili kukaa kichwani. Ukishika kidumu cha lita 5 mkono umenyooka mbele, kiko umbali wa sentimita 60 hivi kutoka begani. Lakini msuli unaonyanyua mkono unavuta karibu sana na kiungo, takriban sentimita 3. Kwa kanuni ya wenzo, 60 gawanya kwa 3 ni 20. Msuli unalazimika kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100 ili kushika kilo 5, na bado hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Kidumu hichohicho ukikisogeza umbali wa sentimita 15, kwa kukunja kiwiko na kukileta karibu na mwili, kazi inashuka hadi robo. Ndiyo sababu anayepona anaweza kubeba ndoo kifuani wiki ambayo bado hawezi kuweka sahani kwenye kabati la juu.

Nitarudi lini kazini?

Kazi ya mezani, baada ya wiki moja au mbili inawezekana. Kazi nzito na michezo ya kugongana, kwa kawaida ni miezi mitatu hadi minne. Jibu hilo halimfurahishi kijana ambaye pikipiki siyo yake na hesabu ya tajiri hailali. Lakini kalenda siyo kipimo bora. Vipimo bora ni vinne: mkono unafika kila mahali unapofika mwenzake bila maumivu, nguvu inakaribia kulingana pande zote mbili, ukiweka mkono kwenye mkao wa kurusha jiwe husikii bega likitaka kuponyoka, na kwa bodaboda, unaweza kufunga breki ya ghafla na kuhimili uzito kwa mikono miwili. Ukishindwa kimoja, bado hujawa tayari kubeba abiria. Kosa lako hapo halikuumizi peke yako.

Kama ni lazima kipato kiendelee, badilisha kazi kabla ya kubadilisha muda. Kwenye machimbo kuna kazi za chini ya usawa wa bega: kuchambua mawe, kusimamia karasha, kuandika daftari. Kushuka duarani kwa kamba na kupiga nyundo juu ya kichwa ndiyo kazi ya mwisho kurudi. Na kama umeajiriwa rasmi na umeumia kazini, mwajiri wako ana wajibu wa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Dai karatasi hizo mapema, kumbukumbu zikiwa mbichi.

Litarudi tena?

Hili ndilo swali gumu, na jibu linategemea sana umri. Huko Edinburgh, Scotland, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 252 wenye miaka 15 hadi 35 baada ya bega kuchomoka kwa mara ya kwanza. Ndani ya miaka miwili, mabega 55.7 kwa kila 100 yalikuwa yamelegea au kuchomoka tena. Kufikia mwaka wa tano yalikuwa 66.8. Wanaume wadogo kwa umri ndio walioathirika zaidi, na hao ndio wanaojaza vijiwe vya bodaboda na maduara.

Lakini usikate tamaa mapema. Katika utafiti ule wa Sweden wa miaka 25, takriban nusu ya mabega ama hayakurudia ama yalitulia yenyewe kadiri umri ulivyosonga, na karibu robo tu ndiyo yaliyohitaji upasuaji.

Upasuaji unazungumzwa bega linapochomoka mara ya pili au ya tatu, au mapema zaidi kwa kijana ambaye kazi yake ni ya hatari. Njia moja inaushona tena ule ukingo alioueleza Bankart. Nyingine, aliyoieleza Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954, inahamisha kipande kidogo cha mfupa wa karibu na kukifunga kwa skrubu mbele ya kisahani, kiwe kizuizi. Kwa mkazi wa Songwe, njia ya rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwa yaliyoshindikana, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam.

Hata wenye madaktari bora duniani hawana njia ya mkato. Jude Bellingham wa Real Madrid alichomoka bega Novemba 2023. Aliendelea kucheza akiwa amevaa kishikizo cha bega chini ya jezi, na hatimaye alifanyiwa upasuaji Julai 2025, akakaa nje ya uwanja miezi miwili hivi. Nyuma yake kulikuwa na timu nzima ya wataalamu, mshahara usiokatika na kitanda cha mazoezi kila asubuhi.

Kijana wa Mkwajuni hana hayo, ila mambo mengi yanayoamua hatima ya bega lake hayahitaji fedha za Real Madrid. Kutokuvutwa na watu barabarani ni bure. Khanga ni bure. Tyubu ya baiskeli iliyokufa ni bure. Kinachogharimu ni nauli ya kufika kwenye picha siku ileile, na uvumilivu wa wiki kumi na mbili bila kujaribu "kulipima nguvu" mbele ya wenzake kijiweni. Kwa hiyo siku mtu akianguka mbele yako na bega likawa na kona, usimshike mkono. Mshike upande mzima, funga khanga, na mchangie nauli.